Nimeifumua Koili Yako

Mwanangu Hamisi,

Mama yako ndiye aliyenituma nikuandikie. Nilimwambia barua ya kwenda kwa marehemu haina anwani, akanijibu kwamba mota nazo hazina masikio na kila siku ananisikia nikizisemesha. Kwa hiyo nimekaa hapa kibandani Kurasini, pampu ya mtu iko mezani imefunguliwa matumbo, malori ya makontena yanapita na kuniachia vumbi, nami nakuandikia.

Nimeiandika wazi, anayetaka aisome. Wasiokujua wajue kwamba baba yako nimesuka mota maisha yangu yote, kuzirudishia waya mpya zilizoungua, na kwamba wewe, mwanangu wa pekee, uliikimbia kazi hiyo ukaenda Sinza kuuza vepu, hizi sigara za umeme. Nilikusema sana. Niliwaambia wazee wenzangu kwamba nimezaa mtoto wa kuchemsha hewa. Wewe ulicheka tu. Ulikuwa na kicheko cha mama yako, kile kinachoanzia mabegani.

Kikohozi changu ndicho kilichoturudisha meza moja. Nilivuta sigara tangu ujana, mpaka ikafika mahali mama yako akahamishia mto wake chumba cha pili. Siku moja ulikuja na kidude chako, ukakiweka hapa baina ya koleo na kopo la vanishi, ukaniomba nivute hicho badala ya sigara. Ulisema utakuwa ukinipunguzia ukali wake kidogo kidogo hadi nikome. Hukunidanganya kwamba ni dawa, ulisema ni ngazi ya kushukia. Nilivuta mara moja nikakwambia kina ladha ya sabuni.

Ukasema kosa ni koili. Ulikifungua ukanionyesha waya uliosukwa mizunguko michache, mdogo kama springi ya kalamu, na katikati yake pamba iliyolowa juisi, kile kimiminika chenye ladha. Umeme unapita, waya unapata moto, juisi inageuka mvuke. Nilicheka mpaka nikakohoa. Mtoto amekimbia kusuka mota, kumbe kaenda kusuka mota za sisimizi.

Unakumbuka nilichofanya kesho yake? Nilijisukia koili mwenyewe, kwa waya wangu wa shaba, huu huu wa mota. Ilipendeza kuitazama, mizunguko imelala safi, hakuna uliopanda juu ya mwenzake. Kidude kikagoma kuwaka. Nikafunga kibanda, nikakufuata hadi Sinza kukulalamikia mbele ya wateja wako kwamba umenipa kitu kibovu. Ulikifungua, ukatazama, ukainama chini ya meza, na mabega yakaanza.

“Baba, shaba ni mtiifu mno,” ulisema ulipopata pumzi. “Umeme unapita bila kupiga hodi. Mie nataka waya mbishi, ugombane na umeme mpaka upate moto.”

Kosa lile halifanywi na mtu wa kawaida, lilihitaji fundi wa mota mwenye kiburi. Nilirudi nimenuna, lakini usingizi haukuja vizuri, maana nilikuwa nimeshaanza kuwaza juu ya waya wako mbishi.

Basi kila Ijumaa baada ya swala ukawa unakuja hapa na mfuko wa nyaya. Sijui kama ulijua furaha uliyonipa. Miaka yote nilitamani tukae hivi, wewe upande ule mimi upande huu, tukibishana juu ya waya. Ulinisukia wa kwanza mwembamba kama unywele. Juisi yangu ilikuwa ya kahawa na iliki, na kwa waya ule iliki ilikuja peke yake, ikanichoma puani, kahawa haikuonekana. Ulieleza kwamba mwembamba unawaka upesi na kupoa upesi, unachukua kilicho juu tu, na ukiusahau kidogo unaunguza pamba. Ukanisukia mnene. Ule ulichelewa kupata moto na ulikula betri, lakini mvuke ulikuja mzito, kahawa imejaa mdomo mzima, na iliki imelala usingizi.

Nikakuuliza kwa nini mizunguko mingine umeibana na mingine umeiachanisha. Ulinijibu kwamba ikigusana, joto linakusanyika katikati na ladha inakolea, ila juisi isipowahi kuingia, pamba inakauka. Ukiipa nafasi, pamba inapumua na ladha inakuwa nyepesi. Nilikwambia hayo mambo ni ya mota tupu, waya na mizunguko ndiyo kila kitu, mengine ni mapambo. Ukasema ndiyo maana umekuja kwangu.

Halafu siku moja ukaleta ile koili. Ulikuwa umechukua waya mnene uwe uti wake wa mgongo, na kuuviringishia mwembamba juu yake, kama uzi wa gitaa, kisha ndiyo ukausuka. Nilipovuta, kahawa ilikuja kwanza, na iliki ikaifuata polepole nyuma ya koo. Nilivuta tena. Wewe ulinitazama usoni. Siku hiyo niliitupa paketi ya sigara kwenye ndoo ya takataka, nikakuapia mbele ya mama yako kwamba sitagusa tena. Mama yako alirudisha mto wake chumbani.

Kisha lori likakugonga barabarani, ukiwa njiani kuja kwangu, siku ya Ijumaa. Sitaandika zaidi ya hapo.

Msiba ulijaa watu. Walinipa maneno mengi mazuri, na kila mmoja aliniambia kazi ya Mungu haina makosa. Najua. Lakini niliona kila mtu anaondoka na watoto wake. Kilichonibakia mkononi ni kidude chako na koili ile ndani yake, kazi ya mwisho ya vidole vyako. Nilikuwa nakivuta kidogo, kama mtu anayelamba sukari ya kuazima. Kila nikivuta nilijua naimaliza koili, na nisipovuta sigara ilikuwa inaniita kwa jina.

Baada ya hitima ya arobaini ladha ilianza kuharibika. Nilibadilisha pamba kama ulivyonifundisha, ikarudi siku chache, halafu ikaja ladha ya kuungua. Waya wenyewe ulikuwa umechoka, umeshika masizi meusi yasiyotoka. Nilikwenda Sinza kwa Rama, rafiki yako uliyekuwa ukiuza naye. Kijana aliniamkia shikamoo, macho yakamjaa machozi. Akanipa koili za paketi, zile zinazokuja zimesukwa tayari, akisema, “Mzee wangu, za Hamisi hakuna anayeziweza. Alikuwa hasemi anasukaje.” Nilizijaribu zote. Zilikuwa na ladha ya maji ya bomba yaliyopashwa moto.

Nilirudi nikapitia dukani nikanunua sigara moja. Nilikaa hapa nimeishika bila kuiwasha. Nilikuwa na njia mbili tu, na zote ziliniuma. Ningeweza kuiweka koili yako ndani ya kitambaa, iwe kumbukumbu, nami nirudi kwenye sigara na kikohozi changu na kiapo changu kivunjike. Au ningeweza kusuka nyingine kama hiyo, lakini ya kwako hukuniambia umeisukaje, wala Rama hajui.

Mama yako aliniletea chakula akaikuta sigara vidoleni. Hakugomba. Aliweka bakuli, akaifuta meza kwa upindo wa kanga, akakaa kwenye kiti chako.

“Mota ya mtu ikiletwa hapa imeungua,” aliniuliza, “unaanzia wapi?”

“Naifumua,” nikasema. “Nahesabu mizunguko, naangalia waya ulivyolala. Bila hivyo huwezi kuirudishia.”

“Basi fumua, baba Hamisi.”

Nilimwambia ikishafumuliwa haitakuwepo tena. Alisema anajua. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Nimefumua mota nyingi ambazo wenyewe walizililia, bila kufikiri mara mbili. Koili hii niliirudisha mezani mara mbili kabla ya kuanza. Niliishika kwa koleo ndogo, nikaichovya kwenye spiriti mpaka masizi yakalegea, nikaanza kuivuta taratibu kuelekea kulia, kwa sababu wewe ulitumia mkono wa kulia katika kila kitu, kula, kuandika, hata kurusha mawe ulipokuwa mtukutu. Ikakataa. Nilifikiri imeshikana kwa moto. Nikavaa miwani nikaitazama vizuri, na hapo ndipo nilipoliona. Ilikuwa imesukwa kuelekea kushoto.

Mimi ni mashoto, Hamisi. Hapa Kurasini mafundi wote wanaijua kazi yangu kwa hilo, mota niliyoisuka mimi imelala upande usio wa wengine. Sikuwahi kukufundisha. Ulikuwa unakaa pale mbele yangu ukiwa mdogo, ukila mihogo, nikidhani unatazama magari. Kumbe ulikuwa unatazama mikono. Umekwenda zako Sinza, umejifunza kazi yako ya mvuke, na kila koili uliyomsukia mtu mjini humu uliisuka kwa mkono wa baba yako. Nilikuwa nikisema umeikimbia kazi yangu.

Nilimwonyesha mama yako. Tulilia wote wawili, mchana kweupe, na mwenye pampu alikuja akatukuta hivyo akarudi kimya kimya.

Nikamalizia kuifumua, kuelekea upande wangu. Waya uliponyooka ulikuwa kipande kifupi tu, cheusi, ungesema si kitu. Lakini nilipokuwa nikiifumua nilikuwa nimeihesabu mizunguko uliyoiweka, nikauona uti ulioutumia, na jinsi ulivyoibana katikati na kuiachia kidogo pembeni ili pamba ipumue. Rama alikuwa amenipa mfuko wako wa nyaya. Nikachagua zinazofanana, nikaviringisha mwembamba juu ya mnene, nikasuka kwenye shina la bisibisi ile ile uliyokuwa ukiitumia. Mikono yangu haikuuliza njia. Nikatia pamba, nikadondosha juisi, nikasubiri iloe.

Niliinua kidude nikavuta. Kahawa ilikuja kwanza. Kisha iliki, polepole, nyuma ya koo. Ilikuwa yenyewe, Hamisi, hakuna kilichopungua. Nilifurahi kama mtoto. Nikakinyoosha kidude kuelekea kwenye kiti chako, nikasema, “Haya, onja.”

Mama yako ndiye aliyekuwa amekaa pale. Alikipokea kwa mikono miwili, akakipakata.

Sigara ile sijaiwasha. Lala salama, mwanangu, mpaka tutakapokaa tena meza moja.

Ni mimi, baba yako.