Saa Kumi na Moja za Bibi

Nyumbani kwa Bibi,
Chumba cha cherehani.
9 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hamjambo wewe na huyo aliye tumboni? Bado anakupiga mateke? Na mgongo je? Sisi hatujambo. Baba kikohozi kimemwachia, na mimi nimemaliza shule, sasa nashinda hapa nikimsaidia Bibi kushona vifungo.

Shangazi, nina jambo la kukiri. Unajua Bibi alikubali kuja kukutunza ukijifungua kwa sharti moja: safari isizidi saa tatu, maana akikaa bila kukanyaga cherehani miguu inamvimba. Mimi ndiye niliyemsomea tikiti. Ndege inaondoka saa tatu asubuhi, inafika kwenu saa sita mchana. Nikatoa, nikapata saa tatu. Bibi akawatangazia wateja wote kwamba kwako ni karibu kuliko hospitali, ukihesabu na foleni.

Wiki iliyopita nikaona pembeni ya tikiti pameandikwa 11. Nilidhani ni namba ya kiti. Nilipomuuliza Baba, alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe saa za kwenu ziko nyuma ya zetu kwa saa nane, na kutoka uwanja wetu hadi wenu ni kilomita elfu tisa na ushei.

"Si wewe mwenye alama za juu za jiografia?" akaniambia. "Dunia umeikunja lini? Haya, kamwambie mwenyewe."

Unanijua nilivyo. Nilizunguka meza ya kukatia vitambaa mara tatu, kisha nikasema kwa sauti ya chini, "Bibi, safari ni saa kumi na moja."

"Ya alfajiri?" akauliza. "Basi niamshe saa tisa, mke mwenzangu, nisije nikaachwa."

Nikajibu, "Haya, Bibi." Ndiyo, Shangazi, nilijibu hivyo. Kesho yake akaanza kuwaaga majirani kwa ndege ya alfajiri.

Juzi nikajikaza. Nikamwambia si saa ya ukutani, ni saa za kukaa kitini. Cherehani ikanyamaza. Nikajua basi, haendi tena, na wewe utajifungua bila mama yako kwa sababu yangu.

"Kwa hiyo kwenye msiba wa babu yako," akasema, "shangazi yako alikaa saa kumi na moja kuja, na kumi na moja kurudi, akalala hapa siku mbili? Nami nilimnunia kwamba anakimbilia kwake!" Akafuta miwani kwa kitambaa cha mteja. "Nakwenda. Kama ni kuvimba, nitavimbia huko huko kwa mwanangu."

Sasa anajizoeza. Amepanga viti sebuleni, kimoja mbele, kimoja nyuma, yeye katikati, na hataki mtu apite. Jana alifikisha saa nne, akainuka kugombana na mteja aliyekuja kudai gauni.

Barua hii anakuletea mwenyewe, ndiyo maana nimeibandika gundi pande zote. Tikiti ya kurudi inasema ataondoka kwenu saa sita mchana na kufika hapa saa moja asubuhi ya siku ya pili. Kwa hesabu yangu ile ya kwanza, hiyo ni saa kumi na tisa, na saa kumi na tisa hata ukutani haipo. Tafadhali mweleze wewe, taratibu, akiwa amempakata mtoto.

Baba na Mama wanakusalimu sana. Msalimie mumeo. Mungu akufungue salama, na mtoto alie kwa nguvu.

Nikupendaye, ingawa kwenye simu hukosa la kusema,
Binti wa kaka yako,
Kimya.