Amplifaya ya Mzee Wekesa haikuwa na shida

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Mvua tangu saa saba, na baridi ile yetu ya kuvaa sweta juu ya sweta.

Leo nimemdanganya mzee wa watu, uso kwa uso, nikiwa nimevaa hedifoni zangu za kujivunia. Nimerudi nyumbani, nikapika chai, na chai yenyewe imenishinda kunywa.

Wacha nianze mwanzo. Wengine mnaosoma hapa mnajua nusu ya hii hadithi. Hiyo nusu mliipata kwangu, na haikuwa kweli.

Kwa wasionijua, mimi ni Cherono, na kazi yangu ni kurekodi kwaya. Nina chumba kimoja hapa Kimumu, Eldoret, nimebandika magodoro ukutani, na kwaya za makanisa zinaniletea nyimbo zao nizipange: soprano hapa, besi pale, kinanda kisimeze watu. Masikio ndiyo yananilisha. Sina cheti cha maana wala mashine kubwa. Watu husema tu, peleka kwa Cherono, ana sikio. Nimeambiwa hivyo mpaka nikaanza kujiringa.

Mwaka huu nilinunua hedifoni ambazo nimezitamani miaka. Dada yangu aliniuliza kama nimerogwa. Ni zile za wazi nyuma, nyepesi, unazivaa mpaka unasahau ziko kichwani. Lakini hedifoni za aina hiyo ukizichomeka kwenye kompyuta hivi hivi ni kama kununua ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi, halafu umlishe mabua. Zitalia, ndiyo, lakini hutapata kile ulicholipia. Zinataka amplifaya ya mezani, na si yoyote tu. Ikiwa dhaifu, besi inakuwa ya mgonjwa. Ikiwa na nguvu kupita kiasi, unagusa volyumu kidogo tu na tayari masikio yanauma. Na pale mwanzo mwanzo wa volyumu kuna ugonjwa ambao sisi watu wa hizi vitu tunaujua sana: kile kipande cha ndani kinachogawa sauti hakigawi sawa, kwa hivyo upande mmoja unasikika na mwingine unanong'ona.

Huo ugonjwa ndio niliojificha nyuma yake.

Amplifaya niliagiza kwa Mzee Wekesa wa Kiplombe. Alikuja huku kutoka Bungoma akiwa kijana, akatengeneza redio za watu wa Eldoret mpaka nywele zikawa nyeupe, na siku hizi anaunda amplifaya kwa mkono, moja moja, ndani ya masanduku ya mbao anayopiga msasa mwenyewe. Aliniambia, "Cherono, niachie hizo hedifoni siku mbili. Nataka kuijenga nikisikiliza mahali inaenda."

Nikakataa. Niache hedifoni zangu kwa karakana yenye vumbi la solda? Nikamtumia kwa simu namba za vipimo vya hedifoni, nikamwambia ajenge kwa hesabu. Alisema sawa, lakini nilijua hakupenda.

Amplifaya ilipokuja, niliiweka mezani, nikachomeka, nikafungua wimbo wa kwaya ya akina mama ninaoujua kila pumzi yake. Ilikuwa tamu, aki. Lakini ilikuwa imelalia kulia. Mwimbaji ambaye nilimweka katikati kwa mikono yangu alikuwa amesimama karibu na bega langu la kulia. Nikiongeza sauti, sikio la kulia linauma kabla ya la kushoto kuamka.

Sikufikiria mara mbili. Kwenye grupu letu la wapenda sauti niliandika kwamba amplifaya ya Mzee Wekesa inaegemea upande mmoja, volyumu mbovu, nguvu nyingi zisizo na kazi, na ni huruma kwa mtu wa jina lake. Nikaongeza kwamba mimi sibahatishi, masikio yangu ndiyo kazi yangu.

Siku hiyo hiyo watu wawili waliokuwa wameagiza kwake walijiondoa. Waliandika pale pale, mbele ya wote.

Mzee mwenyewe alijibu pale pale, mstari mmoja tu. "Pole sana. Lete niangalie."

Nilimpelekea, nikaiweka juu ya meza yake, nikaondoka kabla hajafungua hata skrubu moja. Nilikuwa na kiburi cha mtu aliyekosewa.

Sasa sikilizeni jambo la aibu. Kuna kipimo kimoja ambacho mimi ndiye huwafundisha wageni wa lile grupu. Mtu akija akilia kwamba upande mmoja hausikiki, namwambia: geuza hedifoni. Ya kushoto ivae kulia, ya kulia ivae kushoto. Udhaifu ukihama upande, ni mashine. Ukibaki pale pale, shida ni wewe. Huwa naweka na kile kikatuni cha kucheka mpaka machozi.

Kwa wiki tatu sikugeuza hedifoni zangu. Wiki tatu! Kitu cha sekunde mbili.

Nilikuwa nimeshaanza kuogopa, ndiyo sababu. Sasa naweza kusema.

Babangu alifanya kazi ya kupasua mbao Timboroa karibu maisha yake yote. Sikio lake la kushoto ndilo lilianza kwenda. Tulikuwa tunacheka mezani, tunamwita kutoka ule upande aliokuwa hasikii, na yeye anaendelea kumenya viazi. Mimi ndiye nilicheka zaidi. Baadaye na la kulia likaenda. Nilijiambia ni msumeno, na mimi sijawahi kusimama karibu na msumeno, kwa hivyo hainihusu.

Alhamisi Mama Wanjiru alikuja. Ndiye kiongozi wa kwaya ambayo nimewarekodia karibu kila kitu walichoimba, na ana duka la nafaka karibu na soko, kwa hivyo hana muda wa kuzungukazunguka. Alikuwa na nyimbo nilizowamalizia wiki iliyopita.

"Cherono, hii kitu umefanya ni nini?" akaniuliza hata kabla ya kuketi. "Soprano wangu wanapiga kelele kwa upande mmoja kama wanafukuza mwizi. Upande wa kushoto. Nimejaribu kwa gari, nimejaribu kwa redio ya duka. Ni wewe umefanya hii kweli?"

Nikamwambia ni amplifaya mpya, ilikuwa na shida, fundi anaiangalia. Neno lilitoka haraka, hata sikulitafuta. Mama Wanjiru akasema hao mafundi wa siku hizi, wacha tu, akaenda zake.

Mlango ulipofungwa ndipo akili ilinirudia. Nyimbo zake nilizimaliza baada ya amplifaya kwenda Kiplombe. Haikuwa hata mezani. Nilikuwa nimechomeka hedifoni kwenye kompyuta moja kwa moja, na nikasikia upande wa kushoto uko chini, na mkono wangu wenyewe ukapandisha kushoto, kidogo, tena kidogo, bila mimi kujiuliza chochote.

Nikavaa hedifoni. Nikafungua ule wimbo wa akina mama. Nikazigeuza.

Udhaifu haukuhama.

Nikazirudisha, nikazigeuza tena. Nikafanya hivyo sijui mara ngapi, nikiwa nimesimama katikati ya chumba. Kisha nikaangalia simu yangu, nikajaribu kukumbuka ni lini nilianza kuipokea kwa sikio la kulia peke yake. Zamani nilikuwa naishika kushoto ili mkono wa kulia uandike. Sikuweza kukumbuka.

Nililia, sitaficha.

Kwa hivyo leo asubuhi nilipanda boda boda kwenda Kiplombe kumwambia Mzee ukweli. Njia nzima nilikuwa na maneno tayari. Mzee, nisamehe, nilikuharibia jina, shida ni yangu. Si maneno magumu. Mtoto wa nasari angeyasema.

Nikamkuta ameketi kwenye kile kiti chake, miwani imefungwa kwa uzi. Amplifaya yangu iko mbele yake, imefungwa vizuri, imepanguswa. Kabla sijafungua mdomo akaanza yeye.

"Nimeipima siku nne. Mita inasema kushoto na kulia ni sawa sawa, kutoka chini mpaka juu. Nikasema, hapana, Cherono hawezi kusema kitu hakuna. Mita ni mita, lakini yeye ndiye ana sikio. Kwa hivyo nimetoa ile volyumu, nikaweka hii ingine. Ni nzuri sana. Nilikuwa nimeiweka kando, ya ile amplifaya nitajijengea mwenyewe, ya uzee."

Halafu akanyoosha mikono yake juu ya meza, akaiangalia kana kwamba si yake.

"Nafikiri hii ndiyo ya mwisho," akasema. "Kama kuna makosa kwa kazi yangu na siyaoni, na hata nikipima siyapati, basi mikono imechoka. Nitarudi kwa pasi na redio. Hizo hata kipofu anatengeneza."

Hapo ndipo ningesema. Jameni, mlango ulikuwa wazi hivi.

Badala yake nikatoa hedifoni kwenye mkoba. Akazichomeka mwenyewe, polepole, akaniwekea ule wimbo wa akina mama kutoka kwa simu yangu, kisha akainama mbele akinitazama usoni. Yule mwimbaji alikuwa bado amesimama kwenye bega langu la kulia. Hakuwa amesogea hata hatua moja.

"Ni aje sasa?"

"Iko sawa, Mzee," nikasema. "Sasa iko sawa kabisa."

Alifurahi, lakini ilikuwa furaha ya mtu aliyethibitishiwa kwamba ni yeye alikosea. Akanifungia amplifaya ndani ya gazeti. Na nilipokuwa natoka akaniambia, "Ukipata nafasi, waambie wale watu wa grupu kwamba Wekesa amerekebisha. Sitaki wafikirie nilikataa kurekebisha."

Nilirudi na mvua yote mgongoni.

Sasa amplifaya iko hapa mezani, taa yake ndogo inawaka. Nimeisikiliza kwa sikio la kulia peke yake na nitasema hivi: sijawahi kusikia hedifoni na amplifaya zikikubaliana namna hii. Zile namba nilizomtumia, nilizomlazimisha kujenga kwazo, alizichukua akafanya kitu ambacho, hata bila yeye kuzisikiliza hedifoni, kilipata mahali pake. Hiyo ndiyo kazi niliyoiita huruma.

Saa tisa niliandika kwenye grupu: Mzee Wekesa amerekebisha, iko sawa sasa, asante Mzee. Ni yeye mwenyewe alinipa hayo maneno. Ningeyatuma, kila mtu angenyamaza, Mama Wanjiru angepata nyimbo zake upya, mimi ningejifunza kuangalia mistari ya kompyuta badala ya kusikiliza, na hakuna ambaye angejua kwa mwaka mmoja, labda miwili.

Sikutuma. Nilikaa na kidole juu ya ile alama ya kutuma mpaka skrini ikazima yenyewe.

Nikisema ukweli, kwaya zitaondoka. Si zote, lakini zitaondoka. Nani atampelekea mtu wa sikio moja nyimbo zake? Mimi mwenyewe nisingepeleka. Nisiposema, Mzee atakaa pale Kiplombe akitengeneza pasi, akiamini mikono yake imekufa, wakati kilichokufa ni kitu changu.

Naogopa sana. Jumatatu nitaenda kumwona daktari wa masikio na naogopa hata jina la hiyo idara. Lakini hii ingine haingeweza kungoja Jumatatu, na haikuwa haki aisome hapa kabla ya kuisikia kwangu. Kwa hivyo nusu saa iliyopita nilimpigia.

Nikaweka simu sikio la kulia. Nikamwambia yote kwa pumzi moja: kwamba nimegeuza hedifoni, kwamba udhaifu haukuhama, kwamba leo nilimdanganya akinitazama, kwamba mita yake ilikuwa inasema kweli tangu siku ya kwanza.

 Nyuma yake nilisikia mvua ikipiga mabati ya karakana. 

"Kwa hivyo," akasema, "mikono yangu iko sawa?"

"Iko sawa, Mzee. Ni sikio langu."

"Sema tena. Mvua ni nyingi huku."

Nikasimama, nikasema tena kwa nguvu, mpaka jirani nafikiri alisikia. Mikono yako iko sawa, Mzee. Ni sikio langu.

Hiyo ni mara mbili. Hii hapa ndiyo mara ya tatu, na naibandika kwenye grupu sasa hivi.