Masale Niliyowakatia Mbuzi

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Moshi mgongo unauma, ila kibarua kipo na nakula nashiba. Umeniuliza uishije na mahabusu, kwa kuwa sasa umekuwa askari magereza.

Ujanani, Mnyaturu mgeni kutoka Singida, nilifanya kazi ya kulisha mbuzi Masama. Nilikata masale nikawapelekea mbuzi, nisijue kwamba kwa Wachagga mimea ile ndiyo mpaka wa shamba. Jirani akanishtaki kwamba nimeharibu mpaka wake. Sikuwa na wa kunidhamini, nikakaa mahabusu wiki nyingi, nikiitwa mwizi wa ardhi.

Siku moja kabla ya kesi, askari mmoja mzee akaniletea sabuni.

“Fua shati. Wewe hujafungwa, unangoja kusikilizwa. Hivi masale ya watu uliyakatia nini?”

“Chakula cha mbuzi, afande. Na mbuzi wenyewe waliyakataa.”

Akacheka mpaka akashika ukuta. “Mnyaturu wewe! Kamwambie hakimu hivyo hivyo.”

Wiki zote zile hakuna aliyekuwa ameniuliza. Kesho yake nikasema hivyo hivyo mahakamani. Jirani naye akacheka, akaomba kesi iishe.

Niliachiwa siku hiyo, Neema, lakini utu wangu nilirudishiwa jana yake, nilipoulizwa.

Babu yako,
Mzee Mghenyi