Vifungo Kumi na Vinne

Jumatano, 6 Mei

Pini amekuja jioni na gauni ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, anaangalia nyuma kama mwizi. Kumbe nusu ni mwizi kweli! Nguo za maonyesho hazitoki nje ya ukumbi. Mkuu wa chumba cha mavazi akijua, Pini kazi hana. Lakini mwimbaji wao mkubwa anaumwa, anayeshika nafasi yake ni mfupi, pindo linaburuzika sakafuni, na cherehani ya kule imegoma. Jumamosi onyesho la kwanza. Ndipo akanikumbuka mimi.

"Pindo tu, Kaza," aliniambia. "Kingine usiguse."

Kaza ni jina nililopewa na mwalimu wetu wa ushonaji. Nilikuwa navuta uzi mpaka kitambaa kinakunja uso. Pini na mimi tulikaa benchi moja kwake miaka miwili. Leo yeye anawavisha waigizaji, mimi nashona sare za shule chumbani kwa mama mdogo. Si wivu. Haya, wivu kidogo.

Zawadi yangu ni tiketi, tukae pamoja Jumamosi, maana siku hiyo zamu ya kuvisha si yake. Mchezo wa jukwaani, nyimbo mwanzo mwisho. Mama mdogo akauliza toka jikoni: mtu akitaka maji, naye anaomba kwa kuimba? Pini akasema ndiyo. Mama mdogo akasema basi hao watakufa kwa kiu.

Akiwa mlangoni Pini alisema wanatafuta fundi wa pili. Alisema huku amenipa mgongo. Alitaka nisikie, au lilimtoka tu? Nimelifikiria hilo hadi chai imepoa.

Alhamisi, 7 Mei

Pindo lilikwisha saa nne asubuhi. Safi. Ningelikunja gauni pale pale, mambo yangeisha.

Lakini fundi haachi kugeuza nguo. Mgongoni kuna vifungo kumi na vinne, toka shingoni hadi kiunoni — vya urembo tu! Havifungi kitu. Chini yake, nyuma ya ukingo wa kitambaa, kuna vile vya chuma vya kubana, kama vya nguo za watoto wachanga, tena vimelegea. Nikavuta kidogo shingoni. Tatatata! Mgongo wote wazi. Nilishtuka kana kwamba nimevuliwa mimi.

Mwanamke asimame mbele ya watu, anyanyue mikono, gauni limvuke? Na Pini ndiye mwenye dhamana ya hilo gauni! Nani aliyeshona upuuzi huu? Na wa nini, wakati zipu ya kuvalia iko ubavuni, nzima kabisa? Mwalimu wetu angelitupa nje ya dirisha.

Nikazunguka chumba. Nimeambiwa nisiguse. Lakini Pini akiiona kazi yangu atamwambia mkuu wake, fundi wa pili ndiye huyu. Nikakaa. Nikasimama. Nikakaa tena, nikachukua sindano.

Vya chuma nimeving'oa vyote. Mgongo nimeuziba kwa mkono, chini ya ukingo, uzi wa jinzi mara mbili, fundo nyuma ya kila kifungo. Uzi hauonekani hata kwa miwani. Nimeuvuta kwa nguvu zangu zote, haukusogea. Nilicheka peke yangu.

Sasa ni usiku na kicheko kimekwisha. Alisema kingine usiguse.

Ijumaa, 8 Mei

Pini amelichukua. Alipitisha kidole kwenye pindo, polepole, kama mwalimu alivyokuwa akifanya. Akasema mkono wangu haujabadilika. Nilitaka kulia.

Halafu akauliza, hukugusa kingine? Nikasema sikugusa.

Kwa nini? Nilikuwa na maneno yote tayari mdomoni! Nilitaka alione mwenyewe, ashangae, anipigie simu. Na niliogopa pia, nisijidanganye. Hajapiga. Njia ya mwongo ni fupi, nami nimeshaianza. Chakula kimenishinda tangu saa kumi. Mama mdogo ananiletea maji ya tangawizi, anadhani ni hofu ya kwenda kukaa na watu wakubwa.

Jumamosi, 9 Mei, mchana

Nimebadilisha nguo mara tatu. Viatu vya mama mdogo vinanibana. Nimeshika simu nimwambie Pini, nikaiweka. Nimwambie nini — kwamba nimeimarisha gauni? Hilo ni kosa? Pochi: leso, tiketi, daftari hili, wembe wa kufumulia. Wembe wa nini huko? Mazoea.

Jumamosi, usiku, ukumbini

Naandika kwenye benchi la nje, mlango wa ukumbi umefungwa.

Sehemu ya kwanza ilikuwa nzuri mno. Niliona watu wakiimba ugomvi, wakiimba barua, na kweli mmoja aliimba akiomba maji, nikacheka nikashika mkono wa Pini. Gauni halikutoka jukwaani. Nikasahau kabisa, Mungu nisamehe.

Taa zikawaka, mapumziko. Pini akaniinamia, macho yanameremeta. Akasema subiri sasa. Sehemu ya pili yule dada anakuja na gauni letu, anaimba wimbo wa msiba, beti tatu. Mwisho ngoma inanyamaza, anashika shingoni, anavuta mara moja, gauni zima linaanguka, na chini ana vazi jeupe la harusi. Mchezo wote umejengwa juu ya hapo. Ni siri, hata kwenye matangazo haimo, ndiyo maana hakuniambia.

Nikasema naenda chooni. Nilisimama mle nikilitazama bomba. Kengele ya kwanza ikalia. Nikarudi mbio, nikamwambia, maneno yote kwa pamoja.

"Uzi gani?"

"Wa jinzi. Mara mbili."

Akafumba macho. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Aliuliza tu kama nina cha kufumulia, nikampa wembe. Akasema nikae, nisimfuate, akakimbilia mlango wa nyuma ya jukwaa. Nilimfuata. Mlinzi akanirudisha kwa kidole kimoja.

Mafundo kumi na manne, na mwenye gauni ameshalivaa. Mkuu wake akimkuta na wembe mgongoni mwa mwimbaji, atasema nini? Atanitaja? Namjua, hatanitaja. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Mvuliwa nguo huchutama. Nimeacha benchi, nimechutama hapa, viatu pembeni, daftari gotini, sikio mlangoni.

Wimbo wa msiba umeanza. Sauti nzuri, imetulia. Kwa hiyo hajui? Au ameshaambiwa? Pini hajarudi.

Ubeti wa kwanza umeisha. Kila fundo langu linamtaka dakika nzima, namjua Pini na najua mafundo yangu. Hesabu haitoshi.

Ubeti wa pili. Mlinzi ananiangalia. Toka nishike sindano nimeomba kitu kimoja tu, mshono wangu ushike. Leo naomba ufumuke. Ufumuke wote, ubaki uzi mtupu, na nisishone tena nguo ya mtu mwingine maisha yangu yote!

Wa tatu. Pini hajarudi.

Ngoma imenyamaza. Hapa ndipo anaposhika shingoni —