Gunia Tupu la Dobi Msabah

Kikwajuni,
Unguja.
29 Disemba, 1968

Mpendwa Kaka Mkadam,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Tatu na watoto, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa vuli kimetulia. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Shangazi Bi Wanu amefunga mwezi mzima bila ya kula hata siku moja, na sasa anawatambia vijana waliokula kwa kisingizio cha kuumwa na kichwa. Idi ilikuwa njema. Tulikukumbuka tulipokwenda kuzuru kaburi la mama.

Barua yako ya mwezi wa Shaabani niliipata. Niliisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa heshima na mara ya pili kwa hasira, ndiyo maana sikujibu upesi. Uliandika kwamba mjane hawezi kuishi kwa mashine ya kukunia nazi, kwamba unanipa muda mpaka Idi, na kama halijawa jambo la maana basi niifunge nyumba ya mama nije Tanga, umeshanitengea chumba cha uani. Leo ni siku ya tisa tangu Idi. Haya, nakujibu.

Kwanza nikupe haki yako, nisije nikaonekana mbishi wa bure. Uliuliza nani atatoa pesa kwa kazi anayoifanya mwenyewe nyumbani kwake. Hakuna, kaka. Ulisema kweli. Kwa hoja umeshinda, ila mimi hukunishinda.

Mwanzo wake unaujua. Cherehani ya mama ilikuwa haishoni tena, na Jecha, fundi baiskeli, akaniambia kichwa kimekwisha lakini miguu ni mizima. Nikamwambia basi akitoe kichwa, aweke chuma cha mbuzi chenye meno, kizunguke kwa mkanda ule ule. Unakaa kitini, unakanyaga, unashika kipande cha nazi, na nazi inakwisha kabla hujamaliza kusalimiana na aliyeingia.

Kosa langu lilikuja baadaye. Mwezi wa Rajabu nilizunguka mtaa mzima nikiwauliza wanawake wanaionaje mashine yangu. Wote waliisifu. Wengine walinishika mkono, mashaallah Mwanakheri, inshaallah tutakuja. Wewe na mimi tumezaliwa mji huu, tunajua kwamba mtu wa kwetu hakwambii jambo lako ni baya nawe umesimama mlangoni kwake. Nikajisahaulisha, nikazihesabu inshaallah zao kama nazi zilizokwisha kufika. Wiki mbili nilikaa na mashine yangu. Alikuja jirani mmoja na nazi yake moja, na huyo alikuja kwa huruma. Binamu yetu Hamad alipofika Tanga akakuhadithia kwa kicheko, hakusema uongo.

Nililia, nakwambia wazi. Nilipomaliza kulia nikaacha kuwauliza watu wanaionaje mashine. Nikawa nakwenda majikoni mwao wakati wa kupika, nikakaa na kutazama. Huko niliona mambo ambayo hakuna aliyeniambia. Niliona kwamba mwanamke hataki nazi yake ikunwe kwa mkono wa mwenziwe, maana akiutilia shaka usafi wako hasemi, hunyamaza tu na asirudi tena. Nilimwona pia jirani yangu Shemsa, anayefanya kazi hospitali, namna anavyorudi alasiri akakaa juu ya mbuzi na mgongo umemkakamaa, mtoto analia na moto unazimika. Nikamwambia aje kwangu na nazi yake, akae mwenyewe, akanyage mwenyewe.

"Nnakuja," akanijibu, "lakini pesa sikupi, Mwanakheri. Nikikupa pesa kwa nazi, kesho ntakuja vipi kukuomba chumvi?"

"Basi niachie vifuu," nikamwambia.

Nilisema bila ya kufikiri, kaka, wala sitojifanya kwamba ilikuwa hekima. Shemsa akacheka, akaviacha. Kesho yake akaja na mwenziwe wa kazini, naye akaviacha vyake. Kumlipa jirani ni aibu, lakini kumwachia vifuu si kitu, hata asante mtu haoni haja ya kuisema.

Vifuu vikajaa ua. Unakumbuka mama alivyokuwa akisema hakuna makaa ya pasi kama makaa ya vifuu. Nikachimba shimo nyuma ya jiko, nikavichoma, nikafukia, na makaa yake nikampelekea dobi Msabah wa Mlandege gunia moja. Safari hii sikumwuliza kama atanunua, maana na yeye angesema inshaallah. Nilimwachia gunia, nikaenda zangu. Siku ya nne akaja mwenyewe mpaka mlangoni, gunia tupu begani, akauliza, "Jengine lipo?"

Mwezi wa Rajabu nilipata sifa za mtaa mzima. Gunia tupu nilipata moja tu, na hilo ndilo nililoliamini. Sasa Msabah ananilipa kila Ijumaa, na sijaazima unga kwa mtu.

Ramadhani ungetuona. Ikishaswaliwa alasiri tu, wanawake wanapanga foleni mpaka nje ya mlango, kila mmoja na bakuli lake, kila mmoja anadai muhogo wake umeshaanza kuchemka. Siku ya kumi na saba mkanda ukakatika, jua linashuka na nazi zote zinangoja. Jecha akaja mbio, akakata mpira wa ndani wa baiskeli, akafunga. Walinisema sana siku ile, wengine mpaka marehemu mume wangu walimtaja, lakini hakuna aliyeondoka.

Najua utasema Ramadhani ni mwezi mmoja. Nilijisemea hivyo hivyo kabla yako. Kwa hiyo Idi pili nikaenda Matemwe kwa jamaa zetu kina Mjaka, nikakaa siku tatu, mlango nikamwachia Shangazi, ambaye unajua hana tabasamu wala hasemi karibu mara mbili. Nilitaka kujua kama watu wanakuja kwa sababu yangu au kwa sababu ya nazi zao. Niliporudi, vifuu vilikuwa vimefika kwenye dirisha la jiko. Wanawake kumi na mmoja, kila siku. Si wale thelathini wa Ramadhani, ni kumi na mmoja, sikuongezei hata mmoja. Na dobi mwengine wa Vuga ameshaleta gunia lake.

Sasa nikuulize na mimi. Unakumbuka ulipopeleka barafu Kizimbani kuwauzia wafanya kazi wa shamba? Ulifika na gunia la unga wa mbao uliolowa. Kisha ikaja biashara yako ya kuku, tukala kuku wagonjwa mwezi mzima. Mama hakukupa muda mpaka Idi. Hakuna aliyekutengea chumba uani kwake. Alisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu, akakupikia, na asubuhi ukatoka tena. Mimi nimeanguka mara moja, na tayari mmenifungia mizigo. Limeniuma, na ni bora ulisikie kutoka kwangu kuliko kwa Hamad.

Sisemi kwamba mashine haitavunjika, wala kwamba wale kumi na mmoja watadumu. Wakipungua nitarudi tena majikoni mwao kutazama. Ninachosema ni kwamba jambo langu nitalipima mwenyewe, hapa lilipo. Aliye Tanga haoni mlango wangu.

Uliomba kumbukumbu ya mama. Kichwa cha cherehani nimekifunga kwenye kanga yake ile ya zambarau, Hamad atakuletea akija mwezi ujao. Ni haki yako na nimekitia mafuta. Miguu inabaki huku, ina kazi.

Nisalimie wifi Tatu, umwambie kikoi chake kimepatikana, kilikuwa kwa Shangazi miaka yote hii. Mwanao Kurwa mbusu kwa ajili yangu. Mzee Silima wa dukani mpe salamu zangu nyingi. Shangazi anakuombea dua kila sala, na anasema uache sigara. Mungu akuhifadhi, akupe riziki ya halali, akuzidishie kifua kizima na moyo mpana.

Na kile chumba cha uani, kaka, kitafutie mpangaji.

Ni mimi dada yako nikupendaye, na nisiyekuja,

Mwanakheri