Nyama Iliyokosa Jina

Papa,

Nakusomea barua hii nikiwa nimesimama, kwa sababu ulinifundisha kwamba mwenye habari njema haketi kabla ya kuimaliza. Hitima yako ya kutimiza mwaka imekwisha sasa hivi. Wasomaji wamefunga misahafu, Maman amepitisha chai ya tangawizi, na shekhe amenipa ruhusa ya kusema mbele ya watu waliojaa uwanja wetu huu wa Kamembe hadi kwenye baraza la jirani. Papa Damasi, mwenzako wa kuwinda, ameketi karibu na mlango, amevaa ile kofia aliyorudi nayo kutoka Congo, ambayo kila mwaka ulimwambia aitupe. Hajaitupa. Hata Rajabu, aliyezungushia seng'enge korongo mlilowindia, amekuja, tena ameleta mchele.

Tumeshinda, Papa. Nimelitanguliza neno hilo ili upumzike ukinisikiliza.

Wewe unayajua ya mwanzo, lakini wapo hapa wageni wa Bukavu na vijana ambao siku zile walikuwa wadogo, basi niruhusu nikukumbushe ili na wao wasikie. Baada ya vita vya hapa Rwanda, mashamba mengi kati ya Nyakabuye na Bugarama yalibaki bila wenyewe. Vichaka viliota mahali pa mihogo, na pongo, wale swala wa vichakani, wakashuka kutoka msituni wakakaa katika korongo lile ambalo halikuwa la mtu yeyote. Kila Jumamosi mliingia humo na mikuki na nyavu, Waislamu wa Kamembe pamoja na wakulima Wakristo waliorudi kutoka ng'ambo ya mpaka. Mbwa walikuwa wachache miaka ile, na hakuna aliyeuliza kwa nini; wote tulijua walichokula wakati wa vita. Wako, Ngoja, alilala kwa Papa Damasi kule Rwimbogo, maana Maman alikuwa ametoa hukumu yake: "Mbwa ao mukeka ya kusalia. Chagula moya."

Shingoni mwa Ngoja ulifunga kengele uliyoifua mwenyewe katika karakana yako. Njiani uliijaza majani makavu isilie. Mkifika ukingoni mwa korongo uliyatoa majani, ukasema bismillahi, ndipo ukamwachia mbwa, na kuanzia hapo kila mnyama aliyekuwamo alijua kwamba mmefika. Mara nyingi mlirudi mikono mitupu. Siku moja ulishikwa na homa, ikabidi Papa Damasi, Mkatoliki tangu utoto, amwachie mbwa badala yako. Alipaza "Bisimilayi!" kwa sauti iliyofika Burundi, akiogopa nyama yako isije ikaharibika. Uliposimuliwa ulicheka mpaka ukajifunua blanketi.

Kisha vita vya Congo vikawaka tena, na Rajabu akaja na seng'enge yake.

Sitamfanya mtu mbaya leo, naye anakula chakula chetu na sisi tunakula mchele wake. Alikuja na hoja. Askari waliokuwa vilimani hawangeweza kumtambua mwindaji kwa mbali, na mtu mwenye mkuki kichakani angeweza kupigwa risasi kabla ya kutaja jina lake. Watu wengine walitega waya usiku, wakaua majike pamoja na watoto wao. Rajabu aliomba ruhusa ya muda kwa konseye, diwani wa sekta, akalizungushia korongo lote seng'enge, akawalisha pongo maganda ya mihogo, akajenga jukwaa la mbao. Wafanyabiashara walimlipa, wakapanda, wakapiga mishale, wakashuka bila tope viatuni. Vijana wanne wa Nyakabuye walipata kazi ya ulinzi. "Ndani kuna usalama, inje kuna vita," alisema. "Munachagula nini?" Wengi walichagua ndani, na mimi siwalaumu.

Wewe ulikwenda ukasimama kwenye seng'enge, ukamtazama dume mmoja akitafuna ganda karibu na goti lako. Ukasema, "Rajabu, umefuga mbuzi, unaiita pongo."

"Mzee, wivu itakumaliza."

"Toa hii seng'enge, nipige kengele mara moya tu. Hautamuona tena."

Walicheka, Papa. Kicheko kile kilifika Kamembe kabla yako. Sokoni waliniita binti wa Mzee Kengele, na nilipoingia darasani nilikikuta kimechorwa ubaoni: mbwa, kengele, na mzee mwenye ndevu ndefu kuliko zako. Nilikifuta nikaendelea kuwafundisha Kifaransa.

Ulipolala kitandani mara ya mwisho hukuniuliza habari za karakana, wala za nyumba. Uliniuliza, "Seng'enge iko?" Nikajibu, "Iko, Papa." Ukageukia ukutani.

Hapa naomba mnisubiri kidogo.

Nimerudi. Mvua za mwaka huo zilikuwa hazijakatika tulipokuzika. Ruhusa ya Rajabu nayo ilikaribia mwisho, akaomba korongo lipewe jina lake moja kwa moja. Konseye akaita mkutano. Mimi nilitayarisha hotuba iliyojaa maneno makubwa, kuhusu uhuru wa viumbe na haki ya vizazi vijavyo, na nina hakika Rajabu angeisikiliza kwa heshima, angepiga makofi, kisha angechukua korongo.

Asubuhi ya mkutano Maman alinichukua kwenda buchani. Nyama ya pongo wa Rajabu ilikuwa imetundikwa, inauzwa kwa bei ya mawindo, juu ya bei ya mbuzi. Maman akamuuliza muuza nyama, "Hii iliwindwa ao ilichinjwa?"

"Mushale ilimukuta, Maman."

"Alikuwa anakimbia?"

"Akimbie wapi?"

Maman aliurudisha mfuko wake kwapani. Njiani akaninunulia maharage.

Kwa hiyo, mkutanoni, nilipopewa nafasi, hotuba yangu ilibaki mkobani. Nilimgeukia shekhe, ambaye alikuja kama mkazi wa kawaida, nikamwomba atukumbushe sheria ambayo kila mtoto wa madrasa anaijua. Akasema: mnyama aliye mikononi mwako humchinja kwa kisu, yule asiyeshikika ndiye unayeruhusiwa kumpiga kwa mkuki, kwa mshale au kwa mbwa uliyemfundisha. Nikamgeukia Rajabu. Nikamuuliza swali moja tu: hawa walio ndani ya seng'enge, ni windo au ni mfugo?

"Ni windo," akajibu upesi, maana hilo ndilo neno lililoandikwa kwenye bango lake.

Papa Damasi akasimama, kofia mkononi. "Kama ni windo, haina mwenyewe mupaka ishikwe. Kesho ninaleta mbwa. Utafungua mulango?"

Rajabu akafikiri. "Basi ni mufugo."

Ungewasikia wanawake wa Kamembe! "Mufugo? Na tangu lini munatulipisha bei ya windo?" Mwingine akapiga kelele kutoka nyuma, "Na ile mishale ni ya nini? Nani anapiga mbuzi mushale?" Wafanyabiashara waliokuwa wakipanda jukwaani wakaanza kutazamana, maana kila mmoja alikuwa amejisifu nyumbani kwake kwamba amewinda, na sasa kila mmoja aliona ameua mfugo bila kuuchinja, na akawalisha watoto wake nyama isiyo halali. Ndipo Maman, ambaye katika maisha yake yote hajawahi kusema mkutanoni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayezungumza na mumewe jikoni:

"Rajabu, chagula moya."

Watu walicheka, Papa. Safari hii walicheka upande wetu.

Konseye alikataa ombi kabla jua halijafika utosini. Iliamuliwa kwamba korongo libaki la wote, kwamba wawindaji wawaarifu askari siku zao mapema, na kwamba mitego ya waya ipigwe marufuku. Wale vijana wanne hawakupoteza kazi: wanaing'oa mitego hiyo, na tunawalipa sisi kwa zamu. Rajabu mwenyewe aling'oa nguzo ya kwanza, ili isisemwe kwamba aling'olewa. Mtu wa namna hiyo unaweza kula naye.

Lakini nilibaki na hofu ambayo sikumweleza mtu. Wale wanyama walikuwa wamekula maganda mikononi mwa watu muda mrefu. Je, kama ulikosea? Kama kweli walikwisha kuwa mbuzi?

Tulifungua upande wa kushoto wote. Majike yalitoka polepole yakinusa. Dume lako, lile lililotafuna karibu na goti lako, lilisimama katikati likitutazama, likingoja ganda. Walinzi walilipigia miluzi. Halikutikisika. Rajabu alinitazama, na nilijua anataka kusema nini, ingawa adabu ilimzuia.

Papa Damasi alikuja bila mbwa. Alitoa mfukoni kengele yako, akayachomoa majani makavu, mengine ukiwa umeyatia wewe kwa vidole vyako, akaitikisa mara moja.

Dume lilibweka, kama abwekavyo pongo wa porini akishtuka. Tangu lizungushiwe seng'enge walinzi hawakuwahi kulisikia likibweka. Halikutazama kushoto mahali palipokuwa wazi. Liligeuka kulia, ambako seng'enge ilikuwa bado imesimama kwa urefu wa mtu, likairuka, likapotea.

Kisha Rajabu, aliyelipia kila mita ya waya ule, akakaa chini kwenye majani na kucheka mpaka akatoa machozi. "Mzee alisema," akarudia. "Mzee alisema."

Hatukulifuata. Tumekubaliana kwamba hakuna atakayeingia korongoni na mkuki mpaka watoto wa pongo wakue, na kengele ninayo mimi hapa mkononi. Wanaiona wote. Nimeijaza majani mabichi.

Lala salama, Papa. Mungu akupanulie kaburi na akuangazie. Nakuahidi, siku ile ikifika, nitakwenda na Papa Damasi mpaka ukingoni. Nitayatoa majani kwa mkono wangu, nitasema bismillahi, na yeye atasema ya kwake kwa sauti ile ile. Na tukirudi mikono mitupu, nitamwambia Maman kwamba tuliwinda.

Binti yako.