Betri ya Pili

Jumatano, Jinja

Limewaka!

Gari hili lenye vitanda na friji ndani Mzungu mmoja aliliacha alipokimbia vita, nasi wauguzi tukaligeuza kuwa zahanati ya vijijini. Shida ilikuwa friji ya chanjo. Tukisimama nusu siku, inamaliza betri na gari haliwaki. Mwezi uliopita, kijijini Budondo, mama mmoja wa kukimbizwa hospitali alifariki tukiwa bado tunalisukuma. Sijaweza kuandika hayo hadi leo.

Juzi kule Mbale, fundi Juma, mzee wa Kinubi, alitufungia betri ya pili. Nilimwambia siamini kama itasaidia.

"Sista, sikia," akasema. "Injini ikizunguka, hii swichi inaunganisha betri zote mbili, zinajaa pamoja. Ukizima injini, inazitenganisha. Friji inakula yake tu. Ile ya kuwasha gari haiguswi."

Leo tumechanja watoto huko Buwenge tangu asubuhi, injini imezimwa, friji inanguruma. Saa tisa alasiri wakamleta mama mjamzito, Mutesi, mtoto amekaa vibaya tumboni. Hospitali iko Jinja. Nilishika ufunguo huku nikiomba.

Likawaka mara moja.

Amepasuliwa, na wote wawili wako hai. Mumewe alinishukuru mimi. Nilipomweleza habari za betri, alinitazama kama niliyechanganyikiwa.

Miaka yote ya vita niliona vyuma vikiua watu. Leo kiswichi kidogo kama kiberiti kimetulindia umeme wa kutufikisha hospitali, na mimi nilisema siamini.

Mtoto ni wa kike. Fundi Juma bado hajui.